Kichakataji Kilichopimwa Kikiwa Baridi

Saa mbili kasorobo asubuhi, Peng Yu-chen anaegesha pikipiki, anashika kofia isichukuliwe na upepo wa mji wa Hsinchu, Taiwan, na kupanda ghorofani na maziwa yake ya soya. Kabla ya kuketi, anaweka pakiti mpya ya kijani ya vitafunio vya nazi juu ya kompyuta kubwa, ili, kwa imani ya mafundi wa huko, itulie na kufanya kazi.

"Dada, ile ya zamani ilikosa nini?" anauliza mwenzake, Lo Chih-wei.

"Imepita tarehe. Unataka mashine itununie?"

Kazi yake ni kupima kasi ya vichakataji, ubongo wa kompyuta na simu, ambavyo bado havijatengenezwa. Programu huiga kila hatua ya kichakataji, naye hulinganisha mchoro mpya na wa zamani. Lakini uigaji unakwenda kwa kujikokota. Kazi ya sekunde chache huweza kula wiki nzima, kwa hiyo hukatwa kipande kidogo, kikapimwa hicho tu.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mchoro mpya, jasho la timu yake la miaka mitatu, ulionekana mzito kuliko wa zamani. Meneja, Fan Kuo-liang, akatangaza kwamba Ijumaa mradi unafungwa na timu inatawanywa.

"Nikaangalia kipande walichokata," anasema Yu-chen, mwenye miaka arobaini na moja. "Cha mwanzoni kabisa. Kumbukumbu ya ndani, inayoweka karibu data inayotumika mara kwa mara, bado tupu. Yetu ni kubwa, faida yake haionekani mpaka ijae. Mama yangu anauza tambi za mchele sokoni. Nani anaonja mchuzi wake jiko ndiyo kwanza linawashwa?"

Fan hakulainika. "Bi Peng, kila anayeshindwa husingizia mizani."

"Basi tuipashe moto michoro yote miwili, na wa zamani pia. Tukishindwa, nitakusaidia kufunga maboksi."

Akaupitisha uigaji haraka kwenye sehemu ya mwanzo bila kupima, kumbukumbu zikajaa, ndipo akaanza kuhesabu. Majibu yalitoka Alhamisi, watu wakiwa wanakula: mchoro mpya ulimaliza kazi kwa muda pungufu kwa asilimia kumi na nne. Lo alipiga meza, supu ikamwagika. Fan akaomba programu nyingine zijaribiwe. Ijumaa asubuhi nazo zikasema hivyo hivyo.

"Maboksi yarudisheni stoo," alisema Fan.

Sasa mchoro uko kiwandani. Kichakataji hicho kitaingia kwenye simu za bei nafuu, kama ile ya mama yake, inayokwama kila mteja anapotaka kulipa.

"Huniuliza, 'Si wewe ndiye fundi wa haya makitu? Mbona simu yangu inalala?'" Yu-chen anacheka. "Kikitoka, nitampelekea simu mpya mwenyewe, saa ya chakula, foleni ikiwa ndefu. Lakini nitaiwasha mapema. Simpi mama kitu baridi."