Msichana Niliyemtetea Bila Kuombwa

Kosa langu la kwanza katika ukalimani halikuwa la tafsiri. Tafsiri niliichunga kama mtu aliyebeba mayai. Kosa langu ni kwamba nilimtetea msichana ambaye hakuniomba nimtetee, mbele ya watu ambao hawakupaswa hata kujua kwamba aliwahi kuhitaji wa kumtetea.

Alikuwa jirani yetu hapa kambi ya Nakivale, Uganda, mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini kule Kongo, na kwa sheria alikuwa bado mtoto. Kesi yake ilisikilizwa mjini Mbarara. Mkalimani wa siku zote aliugua, wakili wa msichana akaniita mimi. Sikuwahi kusomea kazi hiyo. Kiingereza changu nilijifundisha kwa redio, kwa vitabu vilivyopoteza jalada, na kwa kusema peke yangu njiani mpaka watoto wakawa wananifuata wakicheka. Jioni ya kuamkia kesi nilikuwa Kakoba, mtaa wa huko Mbarara, kwa binamu yangu, nikirudiarudia maneno ya sheria kwa sauti, mpaka akavuta shuka kichwani: "Basi, mheshimiwa! Nakubali makosa yote. Tulale."

Asubuhi hakimu aliwatoa watu wote wasiohusika, hata askari mmoja aliyekuwa ameketi tu kupumzisha miguu. Akaniambia kwamba kesi ya mtoto haivuki ule mlango, na kwamba hilo linanihusu na mimi. Niliapa. Kosa aliloshtakiwa msichana sitalitaja. Ameniruhusu kuandika haya kwa sharti hilo.

Korti ilimwona hana hatia. Karani alilitia faili ndani ya bahasha, akaifunga na kugonga muhuri juu ya mkunjo. Msichana alimshika mama yake mkono, wote wawili wakalia bila sauti. Mimi nilikuwa nawaza neno moja, kama nilikuwa nimelifikisha sawasawa.

Nyumbani, mama yake alikuwa amewaambia majirani kwamba binti yuko Mbarara anamwuguza shangazi. Uongo huo ulikaa vizuri kwa muda, na baada ya hukumu binti alibaki huko siku chache. Kisha Jumamosi moja, baada ya mazoezi ya kwaya, tulipokuwa tunapanga mabenchi, mama mmoja wa sauti ya pili, muuza samaki wadogo wa ndagala, akauliza kwa nini yule msichana wa sauti ya kwanza haonekani. Akajijibu mwenyewe.

"Shangazi gani? Alienda na tumbo, yule. Atarudi bila tumbo."

Wakacheka. Mwingine akasema, "Shangazi mwenyewe ana masharubu!" Wakacheka zaidi.

Kwenye kwaya mimi ndiye niliyekuwa nawasimamisha watu kwa kukosea nusu ya noti. Sikuweza kuacha kitu kilichokosewa kipite. Nikasema, "Si kweli. Hakuwa na mimba hata siku moja. Alikuwa na kesi, na korti imemwona hana hatia."

Niliisema vizuri sana, wazi, kila neno mahali pake. Nakumbuka kwamba niliridhika.

Yule mama akaweka chini upande wake wa benchi. "Kesi? Kesi ya nini, Avoka?"

Avoka, yaani wakili, ndilo jina walilonitania nalo. Nilichukua begi langu nikaondoka, na kuondoka kwangu nadhani kuliwaambia zaidi ya jibu lolote.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba ni kwa ajili ya heshima yake. Sehemu ni hiyo. Sehemu nyingine ni kwamba nilitaka wajue kwamba mimi najua. Kwamba nilikuwa ndani wakati askari alipotolewa nje.

Kulikuwa na fundi cherehani pale Base Camp, katikati ya kambi, aliyekuwa amekubali kumpokea msichana ajifunze kushona, na alishamwonyesha mashine atakayokalia. Wiki ile ile fundi akamwita mama yake. Mama alikuja kwetu baadaye, akasimama mlangoni, akakataa kiti.

"Anasema yeye hamusemi binti yangu mubaya," alisema. "Anasema tu: kama tribinali, korti ile, ilimuita, kuna kitu iliona. Na pale fasi yake ya kazi kuna vitambaa vya batu, anaogopa vipotee, hatamupokea tena. Sasa wewe, mwanangu, ni nani alikutuma?"

Nikamwambia nitalirekebisha. Niliamini kwamba ukweli peke yake haukutosha, kwamba ulihitaji karatasi. Kesho yake nilipanda boda hadi Kaberebere, kisha gari hadi Mbarara, nikamwomba karani nakala ya hukumu.

"Ile imefungwa," alisema bila kuinua macho. "Hata mimi siwezi fungua. Wakili wake aombe, hakimu akikubali, sawa. Wewe ni ndugu?"

"Mimi ni mkalimani."

Hapo akainua macho. "Mkalimani anataka hukumu ya mtoto ya kufanyia nini?"

Nilimshukuru, nikatoka kabla hajaniuliza jina. Nilirudi nimepanga kwamba wakili aombe faili lifunguliwe, tupate karatasi ya kumpelekea fundi. Nilimkuta msichana, aliyekuwa amesharudi kambini, shambani anapalilia maharage. Nilimweleza mpango wote, kwa utaratibu mzuri. Alinisikiliza akiwa ameegemea jembe.

"Halafu fundi asome," alisema.

"Ndiyo. Aone kwamba huna hatia."

"Aone na kile balisemaka nilifanya. Aambie bibi yake. Bibi yake aambie soko."

"Lakini ni uongo, na korti ilisema ni uongo."

"Kaka." Alisema polepole, kama mimi ndiye ninayehitaji kutafsiriwa. "Ile ya mimba, ungewaacha baseme. Bangengoja miezi tisa, baone hakuna mutoto, bachoke. Hii yako, bangoje nini?"

Nilianza kuomba msamaha. Akaniambia nisimkanyagie maharage.

Faili halikufunguliwa. Lilikuwa lake, na alisema libaki limefungwa. Nilikwenda kwa fundi peke yangu kumsihi, nikamkuta mtoto wa mtu mwingine amekaa kwenye ile mashine. Niliondoka bila kusalimia.

Msichana hajifunzi kushona. Analima na mama yake, na kwenye kwaya hakurudi. Tukikutana kwenye bomba la maji ananisalimia kwa adabu, na adabu hiyo inaniuma kuliko kama angenitukana.

Mimi bado nafanya ukalimani. Kabla ya kesi kuanza namwambia mshtakiwa kwamba nje ya chumba kile simjui, na kwamba sitamtetea hata nikisikia anasingiziwa, isipokuwa yeye mwenyewe aniombe. Watu wakiniuliza habari za mtu niliyemtafsiria, nasema sijui. Wengine husema uongo mtupu mbele yangu, nami nauacha upite.