Safari Zangu za Gitega

Aibu hii nawaambia nyinyi kwa sababu hamjui kwangu. Mke wangu alihamishiwa Gitega kufundisha, nayo essence, yaani petroli, imekuwa adimu mjini. Gari limelala uani miezi mitano.

Juzi nililipeleka na matone yaliyobaki kwa fundi Hasani, hapa mtaani Cibitoke, abadilishe oili. Nilitaka likae tayari. Akaniwekea bidoni mbili za oili.

"Patron, kama gari inalala, chukua hii ya bei chini. Kama inapanda milima, hii ya bei kali ndiyo italinda moteri."

Wanaume sita walikuwa wakisikiliza.

"Kila Jumamosi napanda Gitega!" nikajigamba. Nikaeleza kona zote, na mke wangu anavyonipokea mlangoni na kitenge chake cha kijani. Nilisimulia mpaka mimi mwenyewe nikaamini.

Hasani akafungua boneti, akasoma kadi aliyoifunga humo siku ya oili iliyopita. Akachungulia kilomita kwenye dashibodi.

"Patron, tangu siku ile umetembea kilomita tatu."

Kutoka kwake hadi kwangu, na kurudi.

Hakuna aliyecheka. Mmoja tu aliuliza kwa upole: "Na mama wa Gitega, angali anasimama mlangoni?"