Ukurasa wa Bi Somoe

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huwa naweka chini chochote nilichoshika. Ilikuwa siku ya kikao, katika chumba chenye feni isiyozunguka. Mimi nilikuwa daktari wa watoto niliyemaliza kusoma juzi tu, mwanamke wa Njombe niliyeletwa Mtwara kikazi, nikiliona joto kama adhabu na kujiona mwenyewe kama zawadi. Leo mimi ni mstaafu, nakaa hapa Mtawanya na mikorosho yangu sita, na miguu hii haitaki tena kusikia habari za ngazi. Nakuandikia kwa sababu wiki iliyopita uliniletea zile video mnazowatengenezea madaktari walio mafunzoni, ukaniomba nizitazame niseme neno. Nimezitazama. Neno ninalo, ila ni refu kidogo, na ndani yake mna aibu yangu.

Wakati ule tulipewa kazi kama hii yenu. Vijana walikuwa wanaingia wodi ya watoto wametoka vyuoni na vitabu vizito, vilivyoandikwa kwa ajili ya hospitali za mbali. Tukaambiwa tukae pamoja, watu wa kada mbalimbali, tuwaandikie kitabu kidogo cha kuingia kwenye mfuko wa koti. Tulikuwa wanne. Mwenyekiti nilikuwa mimi. Alikuwepo Ngonyani, mfamasia, mtu mpole anayekubali kila kitu ilimradi kikao kiishe kabla ya chakula. Alikuwepo dada mmoja wa lishe. Na alikuwepo Bi Somoe, muuguzi mkuu wa wodi, mwenyeji wa Mikindani, aliyewauguza watoto kwa miaka mingi kuliko yote niliyokaa shuleni.

Kwenye korido nilikuwa namwamkia shikamoo, naye ananiitikia marahaba mwanangu. Tukishavuka mlango wa chumba kile, mambo yanageuka. Yeye ananiita daktari, mimi namwita sista, na kiti chake kinakuwa kile cha mwisho, karibu na mlango, ili akiitwa wodini atoke bila kusumbua watu. Hakuna aliyempangia. Ndivyo tulivyokaa tu, na sikuona ajabu. Hata wewe, kwenye kikao chenu kijacho, hebu angalia ni nani anayekaa karibu na mlango.

Kila mmoja aliandika sehemu yake. Ya Bi Somoe ilikuwa ukurasa mmoja tu, kwa mkono. Ulihusu mtoto aliyekuwa anaharisha, akapata nafuu, sasa anaruhusiwa kwenda nyumbani. Unajua jinsi tunavyofanya: mama anapewa pakiti za dawa ya unga, yenye chumvi na sukari, kila pakiti aichanganye na lita moja ya maji safi, mtoto anywe. Bi Somoe alichora vyombo. Kikombe cha bati, chupa ndogo ya maji, kopo la maziwa ya unga, kibuyu. Pembeni ya kila kimoja akaandika vingapi hujaza lita. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa kidogo: "Usimwulize mama kama ameelewa. Atasema ndiyo kwa heshima. Mpe chombo kama cha kwake, achanganye mwenyewe, wewe uangalie."

Nilicheka, mwanangu. Nilidhani nacheka kwa upendo. Nilikuwa na mchoro wangu wa visanduku na mishale, nimeuhangaikia wiki mbili, kila mshale na sababu yake, na ulihitaji kurasa mbili nzima. Kitabu kilikuwa cha kurasa arobaini, zikizidi hakiingii mfukoni. Basi nikasema, "Sista, ukurasa huu ni mzuri, ila haya ni mambo ya jikoni. Hawa tunaowaandikia ni madaktari." Dada wa lishe akainamia karatasi zake. Ngonyani akatazama saa. Mahali pa ukurasa ule nikaandika sentensi moja: mwulize mama kama ameelewa maelezo, kisha mruhusu. Nikainua uso nikauliza kama tumekubaliana. Bi Somoe akaikunja karatasi yake mara mbili, akaitia mfukoni, akasema, "Ndiyo, daktari."

Kitabu kikatoka, kikapendwa. Vijana waliukariri mchoro wangu kama sala. Nilikuwa nikipita wodini nikaona kimechungulia kwenye mfuko wa koti la mtu, siku nzima naona mambo yangu yanakwenda vizuri. Sikudanganyi, nilivimba kichwa.

Msimu wa mvua ukaingia na kuharisha kukaja nao, kama kawaida. Akaletwa mtoto wa miezi tisa, Shaibu, kutoka kijiji kimoja karibu na Kilambo, kule kwenye kivuko cha Ruvuma. Mama yake aliitwa Fatu, binti mdogo, Mmakonde, Kiswahili anakisikia lakini anakisema kwa kuchagua maneno. Mtoto alitibiwa, akachangamka, akaanza kushika vidole vya watu. Aliyemruhusu ni Festo, daktari aliyekuwa mafunzoni, kijana mtiifu kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Alifuata kitabu neno kwa neno. Akamweleza Fatu habari za pakiti na lita moja, akamwambia asimnyime mtoto, ampe mara nyingi. Kisha akamwuliza, umeelewa? Fatu akasema, "Ndiyo, daktari."

Baada ya siku mbili alirudi mbio, mtoto akiwa mgongoni anatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Kwenye kikapu alikuwa na chupa aliyokuwa anachanganyia. Ilikuwa chupa ndogo, ya nusu lita. Kwake maji ya kunywa yanakuja kwenye chupa ile, na daktari alisema pakiti moja kwa chupa ya maji, au yeye ndivyo alivyosikia. Alichanganya kwa uangalifu, alimpa mtoto mara nyingi kama alivyoagizwa, hakulala. Alifanya kila kitu kwa moyo wake wote, na kila kijiko kilikuwa na chumvi maradufu. Kadiri mtoto alivyosikia kiu ndivyo alivyomwongezea.

Shaibu hakufa. Tulipambana naye siku tano, degedege likatulia, joto likashuka. Lakini yule mtoto aliyekuwa anashika vidole vya watu hakurudi. Shingo ililegea, macho yakawa yanapita juu yetu bila kusimama kwa mtu. Nilijua tumeumiza ubongo wake, na nilijua hautibiki.

Sasa nakuja kwenye lile linaloniuma zaidi, na afadhali nilitoe kabla sijajionea huruma. Festo aliandika kwenye faili kwamba mama amekosea kuchanganya dawa. Nilisoma, nikatia saini. Kisha nikatoka kwenye korido, nikamkuta baba wa mtoto amesimama ukutani na kofia yake mkononi, akaniuliza imekuwaje. Nikamwambia, kwa sauti yangu ile ya kidaktari, "Mkeo alikosea kipimo." Maneno matatu tu, mwanangu. Hayakuwa uongo, na hayakuwa kweli. Akashukuru, akavaa kofia. Kabla korosho za mwaka ule hazijaokotwa, Fatu alikuwa amepewa talaka na kurudishwa kwa mama yake na mtoto wake mgongoni, na kijiji kizima kinajua kwamba ndiye aliyemharibu mwanawe.

Asubuhi ile ile niliyotia saini, Bi Somoe aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango, akaketi bila kukaribishwa. Hilo halijawahi kutokea. Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara mbili, akaikunjua juu ya meza yangu, akailainisha kwa kiganja.

"Mwanangu," akasema. Hakuniita daktari. "Yule binti aliulizwa kama ameelewa, akasema ndiyo. Na mimi uliniuliza kama tumekubaliana, nikasema ndiyo. Ni ndiyo ile ile. Yeye ni mtoto, ana haki ya kuogopa. Mimi ni mtu mzima, nilitakiwa kukataa, nikakuachia kwa kuwa wewe ndiye daktari. Dhambi hii tuigawane."

Nilimwambia nitakirekebisha kitabu. Akaniuliza, "Na faili? Na yule baba?" Nikasema nitaangalia. Bado namwona alivyonitazama, kwa uchovu tu, kama mtu anayetazama mvua ikinyesha mahali ambapo udongo umekwisha kuchukuliwa na maji.

Kitabu nilikirekebisha. Kilipochapwa tena, ukurasa wake ulikuwemo, na vyombo vyake vyote, hata kibuyu. Mchoro wangu niliupunguza ukabaki ukurasa mmoja, na hakuna mtoto aliyeumia kwa sababu mishale ilipungua. Vijana waliofuata walijifunza kumwambia mama aje na chombo chake. Watu walinisifu kwa hilo pia, unaona dunia ilivyo. Lakini faili nililiacha kama lilivyo. Kwa yule baba sikwenda. Kila mwaka nilijiambia nitakwenda Kilambo mvua zikipungua, halafu zikipungua nakuwa na semina. Fatu alikuwa akimleta Shaibu kliniki, ananisalimu kwa adabu, anakaa kwenye benchi mpaka zamu yake ifike. Aliwahi kuniambia, "Mimi ndiye niliyekosea, daktari, nisamehe." Mwanangu, nilimpiga begani nikamwambia asijali.

Bi Somoe alifariki nami sijatimiza lile la faili wala la yule baba. Nilikwenda mazikoni Mikindani, nikakaa na wanawake wengine mkekani. Nikiwa natoka, binti yake alinipa mkono akasema mama alikuwa akinitaja sana. Sikuthubutu kuuliza alinitaja kwa lipi.

Nilipostaafu ndipo nilipokwenda Kilambo, mwaka juzi. Nilimkuta Fatu anamenya muhogo uani. Shaibu, ambaye sasa ni mwanamume mwenye ndevu, alikuwa amelazwa kwenye mkeka kivulini, ameegemezwa mito. Fatu akaacha kisu, akanawa mikono, akaniletea kiti, kile kimoja cha pale nyumbani, yeye akakaa chini. Nami nikakubali kukaa juu. Nikamweleza yote. Nilianza na kitabu, nikaja kwenye ukurasa niliouondoa, sentensi niliyoiandika mimi, faili, maneno niliyompa mumewe. Nikamwambia kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, kwamba yeye alifanya kama alivyoelekezwa. Nilizungumza sana, kwa Kiswahili changu cha shule, nikilia. Yeye alikuwa anatazama mikono yake. Nilipomaliza nikamwuliza, "Mama Shaibu, umenisamehe?"

Akasema, "Ndiyo, daktari."

Akanifungia muhogo kwenye kanga ya zamani, akanisindikiza mpaka njiani. Nilikuwa nimeshafika nusu ya safari ya kurudi ndipo nilipoisikia vizuri ile ndiyo yake. Ilikuwa ile ile. Miaka yote ile, na ukurasa wa Bi Somoe naujua kwa moyo, na bado nilikwenda pale nikakaa kwenye kiti cha juu nikamwuliza mtu swali lenye jibu moja tu la adabu. Mpaka leo sijui kama alinisamehe. Sijui hata kama alinielewa. Nilichofanya ni kuutua mzigo wangu uani kwake, nikaondoka na muhogo wake.

Ndiyo maana, mwanangu, video yenu ya pili nimeirudia mara tatu. Imepigwa vizuri, sauti inasikika, na mwishoni nimeona majina ya watu wa kada zote, nikafurahi. Lakini dakika ya mwisho daktari anamwuliza mama kama ameelewa, mama anaitikia kwa kichwa, mnahamia somo jingine. Nakuomba mrudie sehemu ile. Mpeni mama chombo, achanganye, kamera imtazame hata kama inachukua muda. Mchoro wa mtu ukilazimika kupunguzwa, upunguzeni.

Na kabla ya kurudia, mwite yule muuguzi wenu ambaye kwenye video haonekani ila mkono wake tu. Usimwulize kama anakubali. Mwambie akueleze yeye angeifundishaje, kisha nyamaza, na kimya kikiwa kirefu kivumilie. Kama kuna mama au mwenzako aliyeumizwa na kosa lenu, mwendeeni mapema, kabla maneno yenu hayajafika kwa mumewe na kwa majirani. Usilaze jina la mtu kwenye faili lenye uongo nusu. Na ukienda kuomba radhi, kaa chini alipokaa mwenye nyumba, umwache yeye aanze.

Jumamosi ijayo, miguu ikikubali, nakwenda tena Kilambo. Safari hii nakwenda na kisu changu. Nitakaa mkekani nimenye naye muhogo mpaka uishe, na sitamwuliza chochote isipokuwa anisimulie ilikuwaje kwake, tangu siku ile ya chupa. Akitaka kunyamaza, tutanyamaza wote wawili.

Wewe nenda kafanye kazi yako, mwanangu. Mungu akupe watu wa kukukatalia mapema, na akupe masikio ya kuwasikia. Watoto watakaopita mikononi mwa hao mnaowafundisha wakue, wakimbie, wawachoshe mama zao kwa maswali. Na siku mama mmoja atakapokuambia, "Hapana daktari, sijaelewa," ujue Bi Somoe amekuombea.