Alama za Makala pa Mulango ya Phébé

Mpaka leo bantu ba kambi yetu banasema Phébé aliacha ndoa juu ya mbwa. Bongo, uongo tupu! Minyi, Mathilde, nilikuwa jirani yake, mulango kwa mulango, na kila nikisikia ile maneno kasirani inanipanda mpaka mu shingo.

Ilikuwa mwaka wa 1953, mu kambi ya bantu ba train, hapa Kamina. Phébé alikuwa binti ya bavuvi ba Kinkondja, mukono yake nguvu, maneno kidogo. Bwana yake Jéthro alikuwa anatupa makala, makaa ya mawe, mu locomotive ya train: siku mbili njia ya Bukama, siku moja nyumba. Mbwa, Jéthro alipewa na baba yake, mbwa ya kuwinda kabisa, na kengele ya muti mu shingo. Akaiita Baseme, juu akiiita majirani basikie: baseme tu, sisi hatujali. Na kwetu mbwa ya kuwinda iko ya mwanaume. Mwanamuke anaipa chakula, lakini roho yake inafwata mwenye mukuki. Hata mutoto anajua ile.

Kiisha mbwa ikaanza kulia. Siyo kubweka, kulia: inainua pua, inatoa sauti sawa mama mwenye matanga, inakwaruza mulango mpaka makucha inatoka damu. Bantu bakasema inaita kifo mu kambi. Kapita Mulumba, musimamizi ya kambi, akaleta neno ya Muzungu, mukubwa ya train: juma mbili tu, mbwa inyamaze, ama siku ya posho, siku ya kugawa chakula, mulinzi ataipiga bunduki.

Phébé akasema tunamuonea. Akaokota kipande ya makala, akaapa kila mara mbwa ikilia atachora mustari pa mulango yake, tutaona nani iko muongo. Siku tatu mulango ikabaki safi. Akatuita banamuke bote, akatuonyesha, akatutukana mpaka na bankambo yetu ba zamani. Ah, minyi nikawaka! Nikamuambia: Phébé, weye unachora ukiwa mu nyumba, na ukiwa mu nyumba, nani alisikiaka mbwa inalia?

Akaniwekea ile makala mu mukono, asema basi nichore minyi.

Nikachora. Akienda kuteka mayi ku bomba, mustari. Akienda ku soko, mistari mbili. Jéthro naye alishika njia ya Bukama, mbwa ikamuangalia tu, ikajikuna, ikalala. Siku ya nne Jéthro alitoka ku kazi, akalala ndani. Phébé, bibi yake, akaenda shamba. Mbwa ikapita pembeni ya miguu ya bwana yake, ikakaa pa mulango, ikalia mpaka jua katikati. Nilichora mpaka makala ikavunjika. Njo tukajua: mbwa ilikuwa inamulilia Phébé.

Akaifundisha sawa banavyofundisha mutoto kuacha ziwa. Anafika pa kona, anaregea. Anafika ku bomba, anaregea. Minyi na makala yangu: siku ya kwanza mistari saba, kiisha tano, kiisha tatu. Ilibaki siku kidogo tu mbwa inyamaze, na posho ilikuwa kesho. Jéthro alikuwa anakunywa munkoyo, pombe ya mahindi, na kapita kila juma. Neno moja ya mwanaume, tungepata juma ingine.

Phébé akamuomba aende kuisemea mbwa. Jéthro alikatala. Juu ya nini? Juu barafiki yake bachauffeur ba train balimucheka, asema mbwa yako ya kuwinda inalilia mwanamuke. Akasema mbele yangu, bukari, ugali yake, ingali mu mukono: mulinzi aipige, atatafuta ingine.

Phébé hakupandisha sauti.

"Miaka kumi na moja niko mu nyumba yako, Jéthro. Siku mutoto alinifia ku maternité, mu kuzaa, niliregea kwa miguu, peke yangu, nikakukuta unakula. Haukuinua hata macho. Hii mbwa, nikienda kuteka mayi tu, inajua siko."

Jéthro akaomba chumvi. Mungu anisamehe, nilitaka kumumwangia mboga mu kichwa.

Siku ya posho, asubui sana, mulinzi akafika na bunduki yake, akakuta kamba ya mbwa pa mulango haina kitu. Phébé alishapanda train ya Bukama, beseni ku kichwa, mbwa nyuma yake. Kule angepata pirogue, mutumbwi ya bandugu yake ba Kinkondja. Hakuregea.

Saa sita ya muchana Jéthro akapiga hodi kwangu, macho ingali na usingizi, asema njaa inamuuma, anauliza bibi yake alitoka saa ngapi. Saa sita! Na alishinda mule ndani tangu jana. Nikafunga mulango.