Achille Anatiwa Chumvi

Tangu siku Achille alipoambiwa ana presha, mkewe Laurette aliifungia chumvi kabatini, ufunguo ukakaa kifuani kwake. Makayabu, wale samaki wakavu wa chumvi, aliwaloweka mpaka wakabaki na ladha ya kitambaa. Pale saluni, mtaa wa Umbilo, alikosuka watu nywele, hakuna mteja aliyeondoka bila kuhubiriwa ubaya wa chumvi, apende asipende.

Basi siku moja Achille, fundi wa madishi ya TV, akaporomoka kutoka kwenye paa la mteja, mtaa wa Queensburgh. Laurette akafika hospitali mbio, kitana kimechomekwa kichwani, akamkuta mumewe hajitambui, na nesi Matilda, Mtanzania, anamtundikia dripu.

"Ni dawa gani hiyo, dada?"

"Maji ya chumvi, mama. Makali kweli."

"Chumvi! Mie namunyima chumvi kila siku, nyinyi munamumwangia kwa mushipa?"

"Eish, nisikilize kwanza. Ubongo umevimba, na fuvu halitanuki. Mishipa imebanwa, damu haipiti vizuri. Chumvi hii inavuta maji kutoka kwenye ubongo, uvimbe unapungua, damu inapita. Akiamka tutaona kama anakujua."

Kama anakujua! Mtu aliyegombana naye miaka yote hiyo, leo asimjue?

Lakini habari ya chumvi kuvuta maji aliielewa, tena mno. Kwani samaki hukaushwaje? Kesho yake, Matilda alipogeuka kidogo, akachomoa mfuko wa chumvi ya mawe, akaanza kumsugua mumewe kwenye paji, masikio mpaka shingo.

"Wee mama! Unafanya nini?"

"Nakusaidia, dada. Yako inavuta kwa ndani, yangu kwa inje."

Matilda alikuwa bado anatafuta kitambaa huku akilalama, mara ulimi wa Achille ukachomoza, ukalamba punje iliyoangukia mdomoni. Akafumbua macho. Dripu ilishafanya kazi yake usiku kucha, ila ukimwambia Laurette hivyo mtakosana.

Matilda akamwinamia. "Baba, huyu mama ni nani?"

Achille akamtazama mkewe, akautazama mkono uliojaa chumvi, akamtazama tena.

"Simujue huyu," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Bibi yangu hawezi kunipa chumvi, hata punje."

Laurette akalia, akacheka, akamtukana mbele ya wodi nzima, na Matilda hakumkataza.