Aliyenisikiliza Nikirekodi

Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana hata mimi ningesimuliwa ningecheka. Ila haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, tena mchana kweupe.

Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa mwalimu kwenye shule moja upande wa Kasekese. Kwetu ni mbali, Usukumani. Likizo ya Disemba wenzangu wote waliondoka, nikabaki peke yangu kulinda nyumba za walimu. Ndipo ikaja barua ya mdogo wangu: mama haoni tena, haamki kitandani, anataka kusikia gitaa lako. "Rekodi kaseti, kaka. Usichelewe."

Jambo dogo, siyo? Gitaa nilikuwa nalipiga tangu ujana, hata kwenye harusi za watu. Lakini nikibonyeza tu kile kitufe chekundu cha redio, vidole vinakuwa kama vya mtu mwingine. Nakosea, nafuta, naanza upya. Siku nne nzima! Nilifumba macho. Nikafunika redio kwa taulo. Wapi! Ule ukimya wa mkanda ukizunguka ulikuwa kama mtu anayenikodolea macho, anasubiri niharibu.

Siku ya tano, saa kumi jioni, mvua ndiyo imekatika, nikasikia hodi. Mwanamke amevaa kitenge cha kijani, amenizidi umri kidogo. Nikadhani ni mzazi wa mwanafunzi.

"Karibu, mama. Ila shule imefungwa."

"Najua, mwalimu. Nakusikia siku zote hizi. Mbona kila wimbo unauachia njiani?"

Aibu ikanishika. Nikamweleza habari ya mama na kaseti. Akaketi kwenye kigoda pale mlangoni.

"Wewe unaipigia mashine," akasema. "Geuka huku, nipigie mimi. Ukikosea, songa mbele tu. Mimi nitamwambia nani?"

Nikabonyeza kitufe, nikaipa redio kisogo. Niliteleza mapema tu, nikamtazama. Akaniashiria kwa mkono: endelea. Niamini, sijawahi kupiga vile. Nilisahau redio kabisa. Nikapiga wimbo aliokuwa anauimba mama tukipalilia mahindi, na yule mwanamke machozi yakawa yanamtiririka, hayafuti.

Nilipomaliza akaniuliza, "Umekaa peke yako muda mrefu?"

"Tangu nifike hapa, mama."

"Mimi pia."

Nikapiga mwingine, na mwingine, hadi upande wa kaseti ukaisha na kitufe kikaruka chenyewe. Akainuka, akaaga. Hapo ndipo nilipoiona miguu yake. Nje tope lilikuwa linafika kwenye vifundo, lakini miguu yake ilikuwa mikavu, imejaa vumbi. Vumbi la kiangazi, katikati ya msimu wa mvua! Nikatoka mbio kumwangalia. Hakuna mtu.

Nikarudisha kaseti nyuma. Gitaa lilikuwa safi. Kisha kimya kidogo, halafu sauti yangu peke yake: "Tangu nifike hapa, mama." Halafu kimya tena.

Asubuhi nikaenda kwa jirani wa pale kijijini, Mama Zawadi. "Jana nilikuona umegeukia mlango unaongea mwenyewe," akasema. "Nikasema, upweke huo, maskini." Nilipomtajia kitenge cha kijani, akaacha kupepeta mchele.

"Huyo ni mke wa mwalimu aliyekaa humo kabla yako. Mume alihamishwa, akasema atarudi kumchukua. Hakurudi. Mke alifia humo ndani, kiangazi, na sisi majirani tukaja kujua siku ya tatu."

Kaseti niliituma hivyo hivyo. Ningefanyaje? Nyingine sikuwa nayo, na mama alikuwa anasubiri.

Jibu lilifika baada ya miezi miwili. Mama alikuwa ameshazikwa. Mdogo wangu aliandika kwamba hadi siku ya mwisho aliomba awekewe kaseti ile, na kwamba alikufa na furaha. "Alifurahi sana kusikia umeoa. Alisema shemeji ana sauti ya upole. Ila kaka, mbona shemeji anakuuliza kama umekaa peke yako muda mrefu? Kwani hamkai wote?"

Siku hizi naishi Nsemulwa. Najirekodi bila kutetemeka hata kidogo, na watu hunisifu. Lakini sijaoa. Wanawake wawili walikubali, kila mmoja kwa wakati wake, na kila mmoja akaomba kusikiliza kaseti zangu. Wote waliondoka. Hawakuniambia walichosikia, nami sikuthubutu kuuliza.

Kwa hiyo wewe unayejifungia na redio yako, vidole vikitetemeka usihangaike peke yako. Mwite jirani unayemjua, hata kama muziki haupendi, akae hapo akusikilize. Usipomwita, nafasi yake haitabaki wazi.