Matanga ya Bertrams

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na watu wakilisikia jina la mji wetu hudhani kila mtu wa kwetu ni baharia. Chombo pekee nilichowahi kupanda ni pantoni ya Kigamboni, na nilitapika. Kazi yangu ni kushona. Miaka ile nilikuwa na cherehani mbili kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga Bertrams, mtaa wa Johannesburg, karibu na uwanja wa mpira kiasi kwamba siku za mechi nilizisikia vuvuzela za uwanjani kabla ya redio kutangaza goli.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitano. Kiswahili alikielewa chote, hata umbea, lakini alijibu kwa Kiingereza. Tangu vurugu za 2008, wageni walipopigwa na kufukuzwa, nilikuwa nimemfungia ndani: shule, nyumbani, geti. Sikujali akininunia. Kisha mwalimu wake akaanza kuwapeleka wanafunzi Jumamosi kwenye bwawa lililo upande wa Turffontein, ambako mzee mmoja Mzungu, baharia mstaafu mwenye masikio mekundu, aliwafundisha watoto kuendesha meli ya matanga. Ilikuwa meli ndogo ya mbao yenye milingoti miwili, kwenye maji ambayo ungeyazunguka kwa miguu bila kutokwa jasho. Binti yangu akawa anaamka Jumamosi kabla sijamwita, akiimba. Ningewezaje kumzuia?

Mzee yule alipenda kuwasimulia wazazi habari za meli aliyojifunzia ujanani. Ilikuwa na milingoti mitatu na ilijengwa kubeba nafaka. Meli za injini zilipoipokonya kazi, ikageuzwa shule. Waliamshwa kwa kengele, wakasugua sitaha kwa mchanga na maji, wakalala kwenye vitanda vya turubai vilivyoning'inia. Vijana walitoka nchi nyingi wala hawakuelewana, kwa hiyo kila kamba ilikuwa na jina moja tu ambalo wote walilishika. Ukikosea neno, alisema, mwenzako anavuta kamba isiyo yake. Niliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Laiti ningemsikiliza vizuri.

Meli kubwa ya aina hiyo ilikuwa ikija Cape Town wakati wa likizo ya Desemba, na nafasi zilikuwepo kwa watoto wa bwawani. Lakini mzee hakukubali kumpeleka baharini mtoto ambaye hajaongoza ile ndogo mbele ya macho yake. Jumamosi ya mwisho kabla ya safari ikakaribia, kontena la vifaa likafunguliwa baada ya wiki za mvua, na matanga yakakutwa yameoza kwa ukungu. Mapya yasingefika kwa wakati. Binti yangu alirudi nyumbani, akakaa kitandani bila kuvua viatu. Niliumia. Nilitaka mtoto huyu aende kuliko nilivyotaka kitu chochote mwaka ule, nikampigia mzee simu nikamwambia alete turubai, nitashona mimi.

Kumbe tanga si gauni. Turubai lilijaza chumba, sindano za cherehani zikavunjika moja baada ya nyingine, na kingo zote zilitaka mkono na uzi uliopakwa nta. Kufikia Alhamisi jioni nilijua siwezi peke yangu. Nikawaandikia mafundi wenzangu ujumbe mmoja: "Jamani, nina matanga nyumbani, makubwa, peke yangu siyawezi. Njooni kesho asubuhi."

Hata kwetu pwani matanga ni msiba pia. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa turubai. Kwa Wakongo, ambao ndio wengi kati ya mafundi wale, hakuna matanga mengine. Na huku ugenini, ujumbe wa msiba hausubiri kusomwa mara mbili.

Asubuhi nilisikia kwaya kwenye ngazi. Nikafungua mlango, macho mekundu, pini mdomoni. Mbele yangu alisimama fundi mwenzangu wa Bukavu akiwa na suti nyeusi, nyuma yake mchungaji, akina mama waliojifunga vitenge, viti vya plastiki vya kanisa, sufuria ya sombe, kile kisamvu chao, na nyingine ya maharage. Wakaliona lile turubai jeupe lililotandazwa sakafuni kama sanda, wakaanza kulia.

"Mama, tulisikia kama kuko matanga kwako," fundi akasema taratibu. "Alikufa nani?"

Binti yangu alitoka bafuni na taulo kichwani, na mama mmoja wa Kirundi, jirani yetu, akamkumbatia huku akimshukuru Mungu kwa sauti iliyofika barabarani. Mtoto akaniuliza, kwa Kiingereza chake, kafa nani. Nikatema pini, nikacheka mpaka nikakaa chini juu ya turubai.

Fundi wa Bukavu hakucheka upesi. Kwa miaka mingi nilikuwa nimemtania kwa ule "kuko" wake badala ya "kuna". Alinitazama, akavua koti la suti.

"Eish, mama. Na ni wewe mwenye Kiswahili safi."

Basi tulikula kwanza, maana sombe haikuwa na kosa. Kisha wakashona. Mchungaji alipaka nyuzi nta, wanakwaya wakashika kingo, na kwa kuwa walishajiandaa kuimba, waliimba. Ijumaa jioni uzi wa mwisho ukakatwa.

Jumamosi bwawani walikuja wote, sasa na nguo za rangi. Kwa desturi matanga huanuliwa, nikawaambia, lakini haya leo yanatwekwa juu. Binti yangu alipanda mlingoti, nami nikafumba macho. Nilipofumbua, turubai letu lilikuwa limevimba kwa upepo, binti yangu ameshika usukani, na mzee wa masikio mekundu alikuwa akitikisa kichwa kukubali.

Desemba akaenda. Nililifungua geti mwenyewe. Siku ya kwanza hakuna ujumbe. Ya pili hakuna. Nikashona suruali moja nikaitia miguu mitatu. Ndipo simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wake wa kwanza maishani kuniandikia kwa Kiswahili.

"Mama, tumetweka matanga. Hakuna aliyekufa."

Nikautuma kwa kila mtu aliyeleta sufuria.